Muhuri wa Kweli kwenye Tangazo la Uongo

Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na watu wachache sana mtaani kwetu, na hao wachache hawalitumii. Sote tunamwita Bi Geuza. Asili yake ni neno moja ambalo amelitamka kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini, katika chumba cha kazi chenye upana wa hatua nne, kilichobanwa kati ya kibanda cha fundi funguo na duka la madaftari. Bi Geuza ni mchonga mihuri. Mteja akija na karatasi yenye muhuri wa zamani uliochakaa, akitaka uchongwe mpya unaofanana nao, hapokei karatasi hiyo upesi. Huitazama ikiwa bado mikononi mwa mwenyewe, kisha husema, "Geuza." Wino wa muhuri uliogongwa kwa mkono huzama, na mgongoni mwa karatasi huacha kivuli chembamba, ilhali wino wa nakala iliyotolewa kwa mashine hauzami. Mbele ya karatasi, husema, kila mtu anajua kudanganya. Mgongo ndio husahauliwa.

Aliyeligeuza neno kuwa jina ni fundi funguo, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo. Siku moja alikuja bwana mmoja aliyevaa suti, akitaka muhuri wa ofisi ambayo, kama ilivyobainika baadaye, hakuwa akiifanyia kazi. Alipoambiwa "Geuza," aliitazama karatasi yake, akamtazama mchonga mihuri, kisha akageuka yeye mwenyewe na kwenda zake bila kuaga. Fundi funguo alicheka hadi akaangusha tupa yake ya kuchongea funguo, na tangu siku hiyo jirani yake hakuwa na jina lingine.

Naeleza haya ili msomaji aelewe kwamba huyu si mtu wa kuamini ovyo. Hachongi muhuri wa ofisi yoyote bila barua ya kuagiza, na barua hizo zote amezihifadhi katika majalada, kwa mwaka na kwa mwezi. Tena, kila muhuri unaotoka mikononi mwake huwa na alama yake: mkato mdogo kama kipande cha ukucha, kwenye ukingo wa chini, ambao asiyeambiwa hawezi kuuona. Ni alama hiyo, aliyoibuni ili imlinde, iliyompotosha siku ninayotaka kuisimulia.

Bi Geuza anaishi na binti wa kaka yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Binti huyo aliomba nafasi katika chuo cha uuguzi mara mbili, akakosa mara mbili. Mara ya tatu alipata. Barua ilipofika alilia, akaipiga picha, akaituma kwenye kundi la wanafunzi wapya katika simu, na kila aliyeiona akampongeza. Barua ilisema kwamba usajili ungekuwa wa siku tatu, na kwamba asiyefika kabla ya saa kumi alasiri ya siku ya tatu, nafasi yake angepewa aliye kwenye orodha ya akiba. Cheti cha daktari kilichotakiwa na chuo kilimchelewesha. Kilitoka jioni ya siku ya pili. Hivyo ilibaki siku moja tu, na safari ya basi ni ya saa nne.

Asubuhi ya siku ya tatu begi lilikuwa limefungwa, limesimama mlangoni. Basi lilikuwa la saa mbili. Saa moja na nusu simu ya binti ililia.

"Shangazi! Shangazi, njoo uone. Wameahirisha!"

"Nani wameahirisha?"

"Chuo. Usajili umesogezwa hadi Jumatatu ijayo. Wanasema mabweni yanakarabatiwa, tusije mpaka tuambiwe."

Bi Geuza alifuta mikono, akavaa miwani, akaichukua simu. Lilikuwa tangazo la ukurasa mmoja lenye nembo ya chuo, tarehe ya jana, namba ya simu ya maulizo, na chini kabisa muhuri wa bluu. Aliukuza muhuri kwa vidole viwili hadi ukajaa kioo kizima. Akashusha macho kwenye ukingo wa chini. Mkato wa ukucha ulikuwepo.

"Huu ni wangu," alisema, na binti anasimulia kwamba uso wake ulikunjuka. "Nimeuchonga mwenyewe, mwaka wa tatu huu."

"Kwa hiyo ni wa kweli?"

"Muhuri ni wa kweli. Hakuna mwingine anayeweka alama hii."

Binti, kwa kutaka uhakika, alipiga ile namba ya maulizo. Ilipokelewa na mwanaume mwenye sauti ya upole. Ndiyo, binti yangu, ni kweli; pumzikeni nyumbani; tutawaita. Katika kundi wengine walikuwa bado wanabishana, mmoja akisema ni uzushi, mwingine akisema ameshakata tiketi. Ndipo binti alipomwomba shangazi yake aseme neno, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi. Bi Geuza, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, alikubali. Alirekodi ujumbe kwenye kundi kwa sauti yake tulivu: "Wanangu, mimi ni mchonga mihuri. Muhuri ulio kwenye tangazo hili nimeuchonga kwa mikono yangu. Ni halisi. Msihangaike."

Shukrani zilimiminika. Aliyesema ni uzushi aliomba radhi. Basi la saa mbili likaondoka bila binti, naye akafungua begi na kutoa shuka alizokuwa amezikunja usiku.

Bi Geuza alifungua chumba cha kazi kama siku zote. Fundi funguo alikuwa ameshapata habari.

"Nasikia leo umekuwa mtangazaji, Bi Geuza. Sauti yako inazunguka nchi nzima."

"Jirani, chonga funguo zako."

"Nachonga. Lakini niambie kitu kimoja. Hiyo karatasi ya kwenye simu, mgongo wake uliuonaje?"

Alikuwa anatania tu, kama atanianavyo na kila apitaye. Bi Geuza alimjibu kwamba aliyezaa mtoto hahitaji kugeuziwa mtoto ndipo amjue, wakacheka wote wawili, kazi zikaendelea.

Kazi ya asubuhi hiyo ilikuwa muhuri wa chama cha wafugaji wa kuku. Ulikuwa umekamilika, ulibaki kujaribiwa. Desturi yake ni kuugonga muhuri mpya mara kumi kwenye karatasi moja, ili mteja aone unavyoandika mkono ukiwa mzito na ukiwa mwepesi. Aligonga mara ya kwanza: wino mwingi upande wa kulia. Mara ya pili: jogoo amekosa mkia. Mara ya tatu: safi, ila umepinda kidogo. Alifika mara ya saba, mkono ukabaki hewani.

Alizitazama zile alama saba. Mpira ni mmoja, wino ni mmoja, mkono ni mmoja. Lakini hakuna mbili zilizolingana. Hazijawahi kulingana. Katika miaka yote hiyo hajaona muhuri ukigongwa mara mbili ukatua sawasawa, kama vile mtu hawezi kupiga chafya mbili zinazofanana. Na ule muhuri wa asubuhi, kwenye kioo cha simu, alikuwa na hakika kwamba alishauona. Si muhuri tu. Namna ulivyogongwa, na doa lake.

Ilikuwa saa nne na robo.

Alimpigia binti. "Lete barua yako ya kukubaliwa. Na simu. Usitembee, kimbia."

Binti alifika akihema, mikono ikiwa na povu, kwa kuwa alikuwa anafua. Bi Geuza aliilaza barua mezani, akaweka simu kando yake, akashika kioo chake cha kukuzia. Kwenye barua, herufi ya pili ya jina la chuo ilikuwa imejaa wino hadi tundu lake likazibika. Kwenye tangazo, herufi ya pili ilikuwa imezibika. Kwenye barua, upande wa kushoto, palikuwa na mwanya mweupe uliofanana na punje ya mchele, mahali ambapo mpira haukugusa karatasi. Kwenye tangazo, mwanya ule ule, urefu ule ule. Kisha akaona jambo jingine. Katika barua, sahihi ya mkuu wa chuo ilipita juu ya muhuri, na mkia wake ulikata duara kuelekea chini. Katika tangazo hapakuwa na sahihi yoyote karibu na muhuri. Lakini ndani ya duara kulibaki kipande cha mstari mweusi, kifupi, kisichotoka popote wala kwenda popote.

"Mwanangu," alisema polepole, "muhuri huu umetolewa kwenye barua yako."

"Ipi? Hii? Si hii hapa mezani!"

"Picha yake. Uliyoituma kwenye kundi. Mtu ameukata humo, akaubandika kwenye tangazo lake. Mkia wa sahihi ulimshinda kuufuta."

Binti alikaa kwenye kiti cha wateja. "Lakini, shangazi, ulisema ni wa kweli."

"Nilisema muhuri ni wa kweli, na ni wa kweli. Sikuuliza umefikaje pale."

"Na yule baba niliyempigia?"

"Namba yake uliitoa wapi?"

Binti aliitazama simu tena. Namba ilikuwa ya kwenye tangazo lenyewe.

"Basi tumemuuliza mwizi kama ameiba," alisema Bi Geuza. "Akatujibu vizuri sana."

Fundi funguo alikuwa ameacha kazi na kusimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Basi la saa tano bado lipo," alisema. "Likienda vizuri, saa tisa mpo huko."

Hata hivyo Bi Geuza hakutaka kukosea mara ya pili siku hiyo hiyo. Alijiambia kwamba picha inaweza kuwa ya kubandikwa na habari ikawa ya kweli. Huenda karani mvivu wa chuo ndiye aliyebandika. Alihitaji mtu wa chuoni, aliyepatikana kwa njia ambayo mtunga tangazo hakuigusa. Namba iliyochapwa juu ya barua haikupokelewa. Alivuta jalada la mwaka ule alipouchonga muhuri, akalilaza mezani na kuanza kufunua: shule, kiwanda cha sabuni, mahakama, shule tena. Vidole vyake vilikuwa vikishika karatasi mbili mbili. Barua ya chuo ilikuwa ya tano kutoka mwisho, na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, namba ya karani wa masjala aliyekuja kuuchukua.

Alipiga. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Saa nne na dakika thelathini na tano.

"Shangazi, nikienda nikakuta wamefunga kweli, je? Nitalala wapi?"

"Tukikosea kwa kwenda, tumepoteza safari. Tukikosea kwa kukaa, tumepoteza miaka mitatu uliyoingoja. Kafunge begi."

"Shuka ziko kwenye maji."

"Nenda bila shuka! Wauguzi hawajafa kwa kulalia godoro tupu."

Fundi funguo alikuwa ameshawasha pikipiki yake. Binti alipanda nyuma, barua ikiwa kifuani ndani ya nguo, wakapotea kwenye kona kuelekea nyumbani kuchukua begi. Bi Geuza alibaki amesimama, simu sikioni, akisikiliza mlio ule ule wa simu inayotumika.

Hapo ndipo alipokumbuka sauti yake. Watu sitini na zaidi walikuwa wameisikia, na ilikuwa inawaambia wasihangaike.

Kusahihisha kosa la mtu mwingine ni kazi nyepesi; nimeifanya darasani kwa miaka thelathini na sita kwa kalamu nyekundu. Kujisahihisha mbele ya wale wale waliokushukuru ni kazi ya aina nyingine. Bi Geuza hakuipamba. Aliingia kwenye kundi kwa simu yake mwenyewe, kwa kuwa binti alikuwa amemwingiza asubuhi, akasema: "Ni mimi mchonga mihuri. Asubuhi nilikosea. Muhuri umekatwa kwenye picha ya barua na kubandikwa. Msiliamini tangazo, na msipige namba iliyomo. Pigeni hii ninayowaandikia, ya masjala. Mimi wangu nimeshamsafirisha. Anayeweza kufika kabla ya saa kumi, aondoke sasa."

Majibu hayakuwa ya shukrani. Mmoja aliandika, "Mama, tushike lipi sasa? Saa mbili kweli, saa nne uongo!" Mwingine, asiyekuwa na picha wala jina la kueleweka, aliandika kwamba huyu mwanamke anawayumbisha watu, watulie majumbani. Bi Geuza aliusoma tena ujumbe wa huyo wa pili. Kisha akatoa picha aliyokuwa ameipiga kabla binti hajaondoka, barua na tangazo zikiwa pamoja mezani, akazungushia duara herufi iliyozibika, punje ya mchele na mkia wa sahihi, akaituma bila neno. Dakika chache baadaye yule asiye na jina alijiondoa kwenye kundi.

Saa tano na robo fundi funguo alirudi peke yake, vumbi hadi kwenye kope. "Amepanda. Nimesimama mbele ya basi kama ng'ombe, dereva akanitukana mpaka bibi yangu, lakini amepanda."

Masjala ilipatikana saa sita na dakika kumi. Sauti iliyopokea ilikuwa kavu, ya mtu aliyechoka.

"Masjala."

"Habari za kazi, mwanangu. Samahani, muhuri wenu wa bluu uko karibu nawe?"

"Nini?"

"Muhuri. Nauliza kama unaweza kuushika."

"Mama, nina kazi mezani hapa. Unataka nini?"

"Uangalie ukingo wa chini. Kuna nini?"

Droo ikafunguliwa kwa hasira. "Ukingo wa chini... kuna mkato. Kama wa ukucha. Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeukata. Sasa najua naongea na nani. Usajili mmeahirisha?"

"Kuahirisha? Nani kakwambia? Tunafunga saa kumi! Tunashangaa leo watu ni wachache, jana walijaa mpaka nje."

Bi Geuza alimweleza kila kitu, kwa mpangilio, tangu saa moja na nusu, pamoja na jina analoitwa mtaani na kwamba binti yake yuko njiani. Karani alisikiliza, akaacha kuwa mkavu. Alisema atampelekea mkuu wa chuo habari hizo mara moja na kubandika kanusho getini. Lakini kuhusu saa kumi hakuwa na mamlaka. "Barua ndivyo inavyosema, mama. Orodha ya akiba iko mezani kwangu, na wenyewe wako nje tangu asubuhi. Hata sijui walijuaje waje leo."

Bi Geuza alifanya hesabu: kila aliyebaki nyumbani alimwachia mtu wa orodha hiyo nafasi yake. Alijua, na karani pia alianza kujua.

Kuanzia hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Saa nane binti aliandika kwamba basi limesimama, gurudumu linabadilishwa. Saa nane na nusu aliandika: bado. Bi Geuza aliugonga muhuri wa wafugaji mara tatu zilizobaki na zote zilitoka mbaya. Fundi funguo alileta chai, akaiweka, akaiondoa ilipopoa, akaleta nyingine. "Kunywa bwana, usije ukazimia nikakosa wa kumtania." Saa tisa kamili: tumeondoka. Kisha simu ikanyamaza. Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini. Saa kumi kasoro kumi. Saa ya ukutani ikafika kumi, ikaipita, na mshale wa dakika ukaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Saa kumi na dakika kumi na mbili simu ililia.

"Shangazi."

"Sema."

"Nilifika saa kumi kasoro dakika nane. Karani alisimama getini ananiita kwa jina lako! 'Wa Bi Geuza yuko wapi?' Nimesaini. Niko chuoni, shangazi. Nimesajiliwa."

Bi Geuza alishika ukingo wa meza. Fundi funguo, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu na lake bila aibu, alipiga ukelele uliomtoa muuza madaftari nje kuuliza nani amefariki.

Furaha hiyo haikudumu bila doa. Katika kundi, kumi na mmoja walikuwa wameandika kwamba wamefika. Msichana mmoja aliandika peke yake, kwa Bi Geuza: "Mama, sauti yako ya kwanza niliisikia nikiwa kituoni, nikarudi nyumbani. Ya pili nimeisikia saa tisa. Kwetu ni mbali."

Alilisoma hilo mara mbili. Hakumwandikia pole tupu. Alimwuliza jina lake kamili na namba ya barua yake, akampigia karani, akaambiwa kwamba mkuu wa chuo atapokea maombi ya waliodanganywa hadi kesho jioni, yakiwa na maelezo ya shahidi. Karani hakuahidi zaidi ya hapo. Bi Geuza aliketi, akaandika kurasa mbili kwa mkono: alichokiona, saa alizokiona, alichosema kimakosa, na kwamba msichana huyo aligeuzwa njiani kwa neno lake yeye. Akatia sahihi. Akazipiga picha, akazituma masjala, na kumtumia msichana nakala pamoja na namba ya karani, akimwambia asubuhi apande basi la kwanza na asingoje tangazo la mtu yeyote.

Nje watu walikuwa wanarudi makwao. Fundi funguo alishafunga. Bi Geuza alichukua ufagio mfupi, akafagia vipande vya mpira kutoka chini ya meza, na kwenye pembe za chumba, na chini ya kiti cha wateja. Alivikusanya kwa kipande cha kadi, akavitia kwenye debe la taka, akalibeba hadi nje na kulimwaga.